Amri Yangu ya Viko

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa ghala la pamba Shelui, na amri ya kukataza tumbaku kazini niliitunga mimi, kichwa maji. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni, nikakusanya viko vya wapagazi wote kwenye sanduku la mbao.

"Mwanangu, changu hakijazimika," alisema mzee Mkumbo.

"Amri ni amri!" Hata shikamoo sikumpa.

Kwa kuogopa wizi nililitia sanduku kufuli, nikalificha katikati ya marobota.

Kufika saa nane mchana ghala lilikuwa majivu, na mzee Mkumbo ameungua mikono akiokoa pamba.

"Nani kaingiza moto?" aliuliza bwana mkubwa.

Nilikuwa nimeshamnyooshea kidole mzee, wapagazi walipookota kufuli la sanduku majivuni. Ufunguo wake ulining'inia shingoni mwangu.