Samli ya Mama Masanja

Siku ya kwanza kazini, pale Shinyanga, Matroni alinipa ndoo na dekio akasema, "Hapa unadeki. Mdomo unauacha nyumbani." Nilideki. Mdomo nilikuja nao.

Darasa la nne nililo nalo lilinitosha kuwa mhudumu wa wodi: kudeki, kutandika, kumgeuza mgonjwa asiote vidonda. Nikahamishiwa Ushirombo, mwisho hospitali moja upande wa Geita, wodi ya saratani.

Hapo alilazwa Masanja, mchimbaji dhahabu, saratani ya tezi. Alitundikiwa dripu za dawa kali. Asubuhi moja Daktari Bingwa alipita na wanafunzi wake, akasema huku anaondoka, "Dawa hii inavuruga mafuta ya mapafu. Mwangalieni pumzi." Basi, kaenda.

Mama yake, mfugaji wa Ushetu, alishika neno moja: mafuta. Kesho yake akaja na chupa ya samli. Kwetu mtoto akikohoa anapewa samli, nani hajui? Alimnywesha kwa kijiko, kijana kalala chali.

Nilitupa dekio. "Mayu, mama yangu, acha! Atapaliwa!"

"Niache, mama! Wamesema mafuta yake yanakwisha. Mwanangu atapumua na nini?"

Masanja alishapaliwa. Macho yamemtoka, midomo imebadilika rangi. Nikamkalisha, nikapiga kelele. Manesi wakamnyonya koo kwa mashine, wakamwekea oksijeni. Pumzi ikarudi kwa kukoroma.

Daktari Bingwa akaja anafoka, "Ujinga gani huu?" Mama wa watu kajikunyata sakafuni.

Damu ilinichemka. "Daktari, huyu ni mama yako kwa umri. Hukumsalimia, hukumweleza, sasa unamtukana?"

Matroni wa hapo alinifinya. Sikunyamaza.

Daktari akachuchumaa, akamwamkia mama, akaeleza. Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa. Yenyewe hujitengenezea mafuta, utando mwembamba unaozuia vifuko visigandane. Dawa inayoua saratani inaumiza pale yanapotengenezwa. Samli ya kunywa inakwenda tumboni. Ikiingia mapafuni imepotea njia, inaziba.

Maneno hayo tu! Asubuhi ile yalimshinda nini?

Walimbadilishia dawa. Masanja alitoka hai, ila shimoni hakurudi. Akipanda kilima anahema kama mzee.

Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu ni nesi, na ninavyojivuna naye sokoni wamenichoka. Juzi akanisimulia alivyomwambia mama mmoja, "Dawa hii itashusha damu ya mwanao," kisha akageukia mgonjwa mwingine.

"Na huyo mama ameenda kumnywesha nini?"

Akatazama saa.

"Simu unayo. Mpigie."

"Bibi, nimeshatoka zamu."

"Na yeye katoka zamu?"

Akapiga.