Kifumbu Nilichomnyima Awa

Kaa kitako, mwanangu, nikueleze kazi ya jikoni ilivyokuwa kabla tui halijaja kwenye makopo.

Siku yangu ya kwanza, katika jiko la hospitali kule Sinaw, Oman, mkuu wa jiko alinikabidhi sufuria ambayo ningeweza kuogea ndani yake. "Hapa hatupikii mume," akasema. "Wagonjwa mia wanangoja. Yallah!" Nikajifunza. Nikahamishiwa Ibra, kisha bweni la wasichana wa chuo, Nizwa. Kila nilikokwenda nilichukua kifumbu cha mama, ule mfuko wa ukindu wa kukamulia tui, aliotoka nao Unguja.

Nizwa tulikuwa na Awa, muosha vyombo kutoka Kodivaa, Afrika ya Magharibi. Nafasi ya mpishi ilipotokea, aliiomba. Mkuu wa jiko la pale, Mpemba mwenye ulimi mkali, akamwambia, "Jumatano nipikie cha kwenu. Wasichana wakila, utaliacha beseni."

"Watalamba vidole, mkuu!"

Akachagua atieke. Muhogo hukunwa, ukachanganywa na kidogo cha muhogo uliokwisha kuchacha, ukalazwa, ukakamuliwa. Kisha husuguliwa kwenye chekeche mpaka uwe chenga, ukaivishwa kwa mvuke. Mimi niliyelelewa kwa muhogo wa nazi nilikunja pua.

"We Awa, muhogo umeoza huu!"

"Haujaoza, Mama Zuwena. Umechacha, ndivyo tunavyoutaka." Akanyoosha kidole ukutani. "Niazime kifumbu chako. Kitambaa changu hakina nguvu."

"Hicho cha tui, bibi. Harufu hiyo ikiingia, haitoki tena."

Hakuniomba mara ya pili. Akakamua kwa kitambaa, akasokota mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na kitambaa kikachanika. Maji yakabaki ndani ya muhogo. Ulipopata mvuke ukagandana madonge. Wasichana waliyadonoa kwa vijiko, wakauliza wali uko wapi.

"Khalas, Awa," mkuu akasema. "Rudi kwenye beseni."

Akarudi, akakwangua sahani zilizojaa chakula chake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya kifumbu kilichotundikwa ukutani. Ningemwambia mkuu, "Kosa langu, mpe siku nyingine," angenisikia. Miaka ile alikuwa akinisikiliza.

Jioni nilikuta kibakuli kwenye meza yangu: chenga chache zilizonusurika, na kipande cha samaki wa kukaanga na kitunguu. Nikaonja. Nyepesi, zina ukali mdogo wa kupendeza. Nilimaliza nikaosha kibakuli, nikakirudisha rafuni bila ya kumwambia kitu. Mkataba wake ulipokwisha aliondoka Oman, bado muosha vyombo.

Nilipostaafu nilianza mwenyewe kuupika muhogo ule wa Awa, kwa kuuharibu mara nyingi. Naukamua kwa kifumbu kilekile. Harufu hutoka kwa kuoshwa mara moja tu. Hilo nililijua siku ya kwanza nilipothubutu, na sikuweza kula siku hiyo.

Basi nawe ukijaribu, usiwe na haraka. Kamua mpaka tone la mwisho, ndipo usugue. Na mwenzio wa jikoni akikuomba kifumbu, mpe. Akikirudisha, kioshe kwa maji ya moto, ukianike juani.