Daktari aliuliza kama tunafuga, tukasema hapana

Leo goti la mama limeponea chupuchupu kutibiwa kimakosa, kisa neno moja tu: kufuga.

Mama ana goti bandia. La kuzaliwa liliharibika enzi za ujamaa, alipoanguka na matofali ya kujengea shule ya kijiji.

Juzi lilivimba. Jana likawa la moto, na homa juu. Asubuhi nikamleta hospitali hapa Lindi kutoka Nangurukuru.

Daktari akamuuliza, "Bibi, nyumbani mnafuga?"

"Hatufugi."

Nami nikaitikia. Kwetu kufuga ni mbuzi na kuku.

Akavuta maji ya gotini kwa sindano. Yalitoka mazito kama tui.

Kisha akaona mikwaruzo mguuni. "Na hii?"

"Paka," mama akasema polepole. "Hulala miguuni kwangu. Hiyo mikwaruzo huilamba."

"Si umesema hamfugi?"

"Yule hafugwi, mwanangu. Yule naishi naye."

Mimi nikatazama sakafu.

Daktari akaeleza kuwa vijidudu vya mdomoni mwa paka huweza kuingia kidondani, vikasafiri na damu hadi kwenye lile goti la chuma, na dawa yake si ile aliyokuwa ameanza kuiandika. Sasa hivi wanamfungua walisafishe. Ikishindikana, chuma kitatolewa.

Niko nje kwenye benchi. Nikikaa nasimama, nikisimama nakaa.

Kabla hajaingizwa alinishika mkono. Nikadhani anataka dua. Akasema, "Msimfukuze. Amezoea kula dagaa na mimi."

Mlango ukafungwa.

Jamani, mngemwambia nini?