Mianzi ya Hajati Ruqayya

Hajati Ruqayya ni jirani yangu hapa Kansanga, Kampala, na kama kuna mwanamke aliyezaliwa kuamuru watu, ni yeye. Babu yake alitoka pwani na marobota ya nguo, akauza, akaoa, akabaki. Hajati naye aliuza vitambaa mpaka magoti yakagoma. Alimzika mume, akaozesha mabinti, na hamu yake ya dunia ikabaki moja: kukaa uani kwake jioni bila ushungi, upepo umpige kichwani.

Hiyo ndiyo starehe aliyoivuruga Fabiano. Fabiano ni sajini mstaafu. Alifungua baa upande wa pili wa ukuta, akaijengea roshani ya mbao, na kutoka juu wanywaji wakawa wanauona ua wote wa Hajati: sufuria, kanga kwenye kamba, na Hajati mwenyewe akichagua mchele, amejifunika gubigubi na jua linawaka. Wengine walimpungia mkono. Mimi ningewarushia maji ya vyombo. Yeye alikwenda kununua mianzi.

Muuza miche wa barabara ya Ggaba alimwapia kwamba mianzi ile ya manjano inakua upesi na ni mipole. Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Hajati aliipanda kando ya ukuta, akaimwagilia maji aliyooshea mchele, na baada ya misimu miwili ya mvua pazia likawa limesimama, roshani haionekani. Siku aliyovua ushungi aliniita mimi, mwanamke mwenzake, nikashuhudie. Alikaa mkekani, nywele nyeupe wazi, akicheka peke yake. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Kumbe mianzi inatembea. Mizizi ilipita chini ya ukuta, na machipukizi yakatokeza kwa Fabiano, yamejipanga mstari ulionyooka. Sasa, Kampala hii ukikuta mimea imepangwa mstari kwenye ardhi yako, huulizi ni mimea gani. Mipaka yetu huwekwa kwa mti, na anayetaka kukumegea kiwanja huanza kwa kupanda mti. Fabiano akaja na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Dawudi, uso umemvimba.

"Hajati, wewe nasongesha mpaka!" alifoka. "Mimi nalala, wewe napanda! Hiyo ni kula kiwanja ya mtu!"

"Banange! Nipande kwako na magoti haya, Sajini? Ukuta niliuruka na mabawa?"

"Basi nani napanda? Shetani?"

"Kwa baa ile yako, sitashangaa."

Mzee Dawudi aliomba jembe. Alichimba kidogo kando ya ukuta, mzizi mnene wenye pingili ukajitokeza, unatoka kwa Hajati na kuelekea kwa Fabiano bila haya.

"Nyabo Hajati, mwizi ndio huyu," alisema. "Mufunge. Kama hii mizizi nashinda wewe, miti yote natoka."

Hajati aliinua macho kule kwenye roshani, mkono umeshika ushungi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta tulikuwa nao tayari, ikabidi tujenge mwingine chini ya ardhi. Tulichimba handaki la kufika kiunoni kati ya mianzi na ukuta, tukakata kila mzizi uliokuwa safarini. Nikisema tulichimba, nilichimba mimi. Hajati alikaa kitini. "Ingia chini zaidi, mwanangu, hujafika popote!" Tangi lake la maji la plastiki lilikuwa limepasuka, tukalipasua likawa mabapa, tukayasimamisha handakini, ukingo ukabaki juu ya udongo ili mzizi utakaojaribu kuruka uonekane na kupigwa panga. Kisha tukafukia.

Mzee Dawudi alirudi, akakagua, akaridhika. Akamgeukia Fabiano: sasa na wewe ng'oa ya kwako. Fabiano akatazama viatu vyake.

"Mwenyekiti, hii ya kwangu naacha kwanza. Wateja napenda kivuli."

Mikono yangu ilikuwa na malengelenge. Nikachungulia kwake: viti vimehamia chini ya mianzi, na mianzi yenyewe imemwagiliwa! Nilitamani kumpiga na jembe.

Basi mianzi ikasongamana pande zote mbili, hakuna anayemwona Hajati wala anayeonwa naye. Lakini sauti hupita. Wanywaji walikuwa wakibishana kama mke aliyerudi kwao afuatwe au aachwe, na Hajati, ambaye upuuzi haumpiti, akajibu kutoka majanini: "Mfuate, na uoge kwanza!" Mwenye mke aliacha chupa yake na kuondoka. Siku hizi wanampelekea kesi. "Hajati, uko?" "Niko. Mpumbavu gani tena?"

Juzi Fabiano alifiwa kwao kijijini, akafunga baa. Jioni nilimkuta Hajati mkekani, kichwa wazi, upepo mwanana, hakuna hata sauti moja ng'ambo ya mianzi. Uso ulikuwa umemshuka.

"Atarudi lini yule?" aliniuliza.

"Matanga yakiisha, Hajati."

Alichagua mchele kidogo, akausukuma ungo pembeni, akanitazama kwa matumaini.

"Na wewe kwako hakuna hata ugomvi?"