Hatumjui Mtu Huyo

Dada yangu anachomelea vyuma Kasulu. Nikiwaambia hivyo marafiki zangu waandishi wa Dar es Salaam hutabasamu, wakidhani natafuta sitiari. Sitafuti. Mikono yake ina makovu madogo ya cheche, kuanzia viganjani hadi viwikoni, kama punje za ulezi zilizomwagika. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa bado umeikumbatia mikaratusi, yeye huwa ameshawasha mashine, amevaa koti alilotuachia baba.

Karakana ni ya mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa baba tangu kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Ndiye aliyemfundisha kazi. Wateja wageni humpita dada wakimtafuta fundi.

“Fundi yuko wapi, dada?”

“Unaongea naye.”

“Acha utani. Mumeo anasemaje ukirudi nyumbani unanuka moshi?”

“Yeye hana neno, ndiye anayepika,” hujibu dada, ambaye hana mume. “Geti lako unataka la milango miwili au mmoja?”

Hapo mzee hucheka mpaka akohoe. “Msichana huyu,” huwaambia, “chuma chenyewe kinamwogopa.”

Mwaka mmoja nilikuwa nimerudi kutoka Dar kuandika riwaya, nikajibanza kwenye chumba cha dada. Kampuni moja ya Australia inayounda matela ya malori ilikuwa imemwona kwenye video akiunga mabomba, ikamtaka. Ingemdhamini. Kilichobaki ni viza, na Kiingereza cha kuiombea kilikuwa kazi yangu. Tulipakia vyeti vya chuo cha ufundi, hati ya kusafiria, picha za mageti yote aliyoyasimamisha kutoka Kasulu hadi Kibondo. Mzee alitia sahihi barua ya kuthibitisha kwamba dada ni fundi wake, akaugonga muhuri kwa nguvu kama anayeua nge.

“Nenda, binti,” alisema. “Kachome na huko.”

Usiku mmoja wa mvua nilimuuliza dada anataka nini hasa kule. Nilidhani atasema nyumba ya matofali kwa mama yetu, anayelima muhogo Kibondo na mgongo umeanza kumkataa. Alisema hilo, ndiyo. Kisha akaongeza: “Nataka kuishi mahali ambapo nikiulizwa natoka wapi, nijibu bila moyo kunidunda.”

Nilimwelewa. Mama ni Muha wa Kibondo, na uraia wetu umetoka kwake. Baba alikuwa Mrundi. Miezi ya mwisho ya Mtabila, wakati watu wakirudishwa makwao, alikuwa ameshatoka kambini, akifua majembe nyuma ya nyumba ya jirani. Siku moja walikuja wageni wastaarabu, wakamuuliza jirani kama anamfahamu. Jirani alikuwa mtu mwema, hakuona ubaya wowote. Alinyoosha kidole. Baba alipandishwa lori akiwa na majivu mikononi, na tangu siku ile hatukupata salamu wala habari ya kaburi.

Ndiyo maana kwetu, na kwa wote waliopita njia ile, watoto hufundishwa mapema. Mgeni akikuomba maji, mpe. Akikuuliza njia, mwoneshe. Akikuuliza habari za mtu, humjui. Hata kama mtu huyo amesimama nyuma yako na mnakula sahani moja, humjui.

Jibu lilikuja kwa barua pepe kupitia kampuni, mvua zikiwa zinaisha. Nilimsomea dada akiwa ameinama kwenye beseni, ananawa masizi. Maombi yamekataliwa. Mwajiri aliyetajwa alipigiwa simu, akasema hamfahamu mwombaji na hajawahi kuajiri mwanamke. Maelezo yamehesabiwa kuwa ya uongo. Mwombaji haruhusiwi kuomba tena kwa miaka mitatu. Kampuni nayo ilikuwa imeandika chini ya barua hiyo, kwa upole, kwamba haiwezi kusubiri.

“Soma tena,” alisema.

Nikasoma tena. Maji ya beseni yalikuwa meusi na hakuyamwaga.

“Amenikana. Mzee amenikana kwa sababu hataki kumpoteza fundi wake.”

Alivaa kandambili, akatoka. Nilimfuata njia nzima nikiangalia mgongo wake. Sijawahi kumwona akitembea vile, kama anayebeba mzigo wa kwenda kuutupa usoni mwa mtu. Mzee alikuwa akinoa patasi. Dada hakumsalimu.

“Kuna watu walikupigia simu kuniulizia?”

Mzee aliweka patasi chini. Akachungulia barabarani, akavuta mlango wa bati.

“Mwana wanje,” alisema kwa sauti ya chini, kwa lugha ya baba. Mwanangu. “Walipiga. Mwanamke, Kiswahili cha Nairobi, laini kama mawese. Huyu yuko kwako? Tangu lini? Anafanya nini? Anaishi wapi? Nikasema haa, maswali haya nayajua, nimezeeka nayo.”

“Ukamjibuje?”

“Nikamwambia hatumjui mtu huyo. Hapa mwanamke hajakanyaga, labda muuza karanga!” Alicheka, akakohoa, akajifuta macho. “Akarudia, nami nikarudia. Angepiga mpaka jioni angelikuta jibu lilelile. Baba yako tulimpoteza kwa mdomo wa jirani. Wewe hawakupati kwangu. Sikukuambia kwa sababu sikutaka ulale na hofu.”

Dada alikuwa amefungua mdomo. Nililiona neno likiwa limefika kwenye meno yake. Nje pikipiki ilipita, bati likatetemeka, na mzee bado alikuwa akimtazama kwa uso ule wa mtu aliyelipa deni la zamani.

“Asante, Mzee,” dada alisema.

“Wamekusumbua tena?”

“Hapana. Hawatarudi.”

“Unaona?” Aliokota patasi yake, ameridhika. Kisha akakumbuka jambo. “Na wale wa Australia? Wamesemaje?”

“Wamekataa.”

“Wamekataa? Kwa nini?”

“Hawakueleza vizuri.”

Mzee alitikisa kichwa kwa muda mrefu. “Watu hawana macho,” alisema. “Fundi kama wewe. Wangenipigia mimi niwaambie.”

Dada aligeuka, akavuta kinyago cha kuchomelea usoni upesi, kabla hata ya kuwasha mashine.

“Njoo unishikie bomba,” aliniambia kutoka ndani ya kinyago. Nikaenda, nikalishika kwa mikono miwili. Mwanga ulipowaka, mzee na mimi tuligeuza nyuso zetu ukutani.