Mbuta Niliyempeleka Barazani

Leo nacheka, lakini siku ile ningepata shimo la wachimba dhahabu wa Macalder ningejitumbukiza na kujifukia mwenyewe. Miaka hiyo ya tisini Suna yetu nzima iliamini (na mimi ndiye nilikuwa kinara) kwamba chanjo ya surua ya dispensari yetu inauzwa Homa Bay, wanadungwa mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, ili wasioze mpaka wafike Nairobi. Dada yangu Atieno alikuwa amerudishwa mara tatu na mtoto mgongoni, "chanjo hakuna," na surua ilishabisha hodi kijiji jirani. Nikaapa kuifichua.

Nilikuwa nimehitimu juzi tu masomo ya jioni ya uandishi wa habari katika ukumbi wa kanisa, naandikia kijigazeti chetu cha kurasa nne. Mwalimu alituimbia kila siku, "Usilete uvumi, leta ushahidi unaoshikika." Basi nikafika Homa Bay na koti la mjomba, najifanya mnunuzi mkubwa, nikakagua mbuta mia tano (haya, kumi na wawili) hadi nikampata mwenye kitundu pembeni mwa mdomo, pale pale sindano ingeingia.

"Mama, hiki kitundu ni cha nini?" nikamnong'oneza muuzaji.

"Cha ndoano, wuoda, mwanangu. Kwani huko kwenu samaki hujileta wenyewe?"

Nikamnunua mbuta huyo, nikaandika kwenye daftari: shahidi anaficha.

Hiyo ilikuwa Jumatano, na baraza la chifu lilikuwa Ijumaa. Chumvi sikumtia, moshi sikumpitishia, ya nini kuhangaika na samaki aliyechanjwa? Alhamisi mama mwenye nyumba akalalamika kuna panya amekufa mahali, nami nikainama kumsaidia kumtafuta.

Ijumaa nikasimama mbele ya umati, nikamnyooshea kidole Sista Akinyi, nesi wetu, nikapaza sauti, "Ushahidi huu hapa!" nikafungua gunia. Nzi wa tarafa nzima wakahudhuria. Wazee wa mbele wakahama na viti vyao, chifu akajiziba pua kwa kofia ya serikali, na mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Omera, ndugu yangu, huyu ndiye haozi?"

Yawa! Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Ningekimbia, lakini nilimwona Atieno na yule mtoto, bado hajachanjwa, nikabaki pale na daftari na harufu yangu, nikauliza swali nililopaswa kuuliza kabla ya kulipa nauli: "Sista, chanjo iko wapi?"

Jibu lake tulilichapa ukurasa wa kwanza, neno kwa neno, nikalipeleka kwa D.O., mkuu wa tarafa, kila Jumatatu, nikifukuzwa narudi, mpaka mtoto wa Atieno akachanjwa. Na tangu hapo siandiki jina la mtu kabla sijafika mlangoni kwake. Sista hakukasirika hata kidogo, ndilo lililoniuma. Alisema:

"Chanjo iko hospitali kubwa. Friji yetu inatumia mafuta ya taa, na hatujaletewa mafuta tangu Pasaka. Nimeandika barua nne, nakala ziko kwangu, nyumba ya tatu kutoka kwako. Ungebisha hodi tu."