Kijiji kilimwita mpika sumu, sasa anadai radhi

Jua bado halijavuka mlima, na Lambrini Tsoumani anasukuma unga jikoni kwake. Hatumii mpini mnene wa kusukumia chapati. Ana kijiti chembamba, kirefu kama mkono wake, anachokiviringishia donge mbele na nyuma mpaka linatanda karibu meza nzima. Anaunyanyua mkate huo mwembamba na kuupeleka dirishani. Kiganja chake kinaonekana upande wa pili.

"Usipouona mkono, rudi mezani," anasema.

Beseni la mboga za mwituni liko kwenye stuli: majani machachu, shamari, upupu uliokwisha kuchovywa kwenye maji ya moto usiwashe, na liki za bustanini. Anazifikicha kwa chumvi, anazikamua, anazichanganya na jibini ya kondoo. Kisha anapanga sinia, mikate kadhaa chini, mboga katikati, mikate mingine juu, na kingo anazikunja kama pindo la kanga. Uani, chuma cha kufunikia kinapata moto. Pai itapaliwa makaa, moto juu, moto chini.

Lambrini, mwenye miaka hamsini na sita, anaishi katika kijiji cha milimani, mwendo wa saa moja na ushee kutoka mji wa Ioannina, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki. Mumewe ni mpiga lipu mjini na hurudi mwisho wa juma. Kwa miaka mingi ni pai zilizoiendesha nyumba hii: sinia moja yuro kumi na nane, na wiki nzuri aliuza sinia kumi. Mteja wake mkubwa alikuwa Fotini, mwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na kanisa.

Halafu, miaka miwili iliyopita, akaitwa mpika sumu.

Ilikuwa arubaini ya baba mkwe wake, wakati wa mfungo kabla ya Pasaka. Wakati huo jibini hailiwi, kwa hiyo pai hujazwa mboga tupu. Theluji ilikuwa bado imelala juu mlimani, na mboga zilikuwa zimechipua mahali pamoja tu, kwenye mteremko chini ya barabara mpya inayopanda kwenye mnara wa simu. Lambrini akachuma pale, akapika, watu wakatoka kanisani wakaja kula.

Kabla maharage hayajaisha mezani, watu walianza kulalamika kwamba midomo inawaka. Wakafuata kutapika. Aliyezidiwa zaidi alikuwa mama mkwe wake, Agoritsa, mwanamke wa miaka themanini na moja, ambaye alikuwa ameomba aongezewe kipande. Akapelekwa hospitali na kulazwa.

Hospitali walisema inaonekana ni jani baya. Hakuna aliyepima sahani, hakuna aliyekwenda kuangalia mteremko. Neno hilo moja lilitosha. Jioni ile ile kijiji kizima kilikuwa na hakika kwamba Lambrini amechanganya mboga na gugu la sumu, na wengine wakasogea hatua moja mbele, wakisema labda hakuchanganya kwa bahati mbaya. Si alikuwa akimuuguza mama mkwe wake miaka yote ile? Nani asiyechoka?

"Hilo ndilo lililonikata maini," anasema Lambrini, na hapo kijiti kinasimama. "Kukosea jani, sawa, binadamu hukosea. Lakini kusema nilitaka kumuua mama? Mwanamke niliyemwogesha kwa mikono hii?"

Agoritsa aliposikia hayo, akiwa bado kitandani hospitalini, aliwaambia waliokuja kumwona kwamba mkaza mwana wake hawezi kukosea jani, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha, na alimfundisha kwa makofi. Walitikisa vichwa kwa huruma. Walipotoka nje walisema bibi wa watu anaficha aibu ya nyumba yake.

Fotini alikatisha oda kwa simu, bila kueleza sababu. Kanisani, mkate ambao Lambrini alikuwa akiuoka kwa ajili ya ibada ulianza kuletwa na mwanamke mwingine. Padri alimwomba asikasirike, akasema watu wana hofu tu. Kisimani, wanawake waliokuwa wakicheka walinyamaza alipofika. Na kila alipojaribu kujitetea alijibiwa kwamba lisemwalo lipo.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa halmashauri kuomba mteremko upimwe. Anasema mwenyekiti alimsikiliza akiwa anavaa koti, akamshauri siku nyingine aoshe mboga vizuri zaidi.

Majira yote ya baridi yaliyofuata hakuuza sinia hata moja. Alifagia madarasa ya shule ya mji wa bondeni, ambako hakuna aliyemjua.

Ukweli ulikuja kwa miguu. Mwaka jana, theluji ilipoanza kuyeyuka, mchungaji Zisis, ambaye zizi lake linapakana na uwanja wa Lambrini, aliingia uani akiwa na kofia mkononi. Kondoo wake kadhaa walikuwa wamekufa baada ya kula majani chini ya ile barabara. Alimweleza kwamba lilipita gari lenye tangi, linapuliza dawa ya kuua magugu kandokando ya njia ya mnara. Lilikuwa limepita tena. Mara ya kwanza ilikuwa siku chache kabla ya ile arubaini.

Lambrini alimuuliza amelijua hilo tangu lini.

Zisis alitazama chini. Alikuwa amelijua tangu mwanzo. Dereva wa gari lile ni Stergios, mwanawe.

Katika kijiji hiki hata mtu aliyekuja kukudai hupewa kahawa. Zisis hakupewa. Lambrini alimwambia aende mkahawani, mbele ya watu wote, aseme alichosema pale.

"Dada, mtoto atafukuzwa kazi," alijibu Zisis.

"Na mimi nilikuwa wapi, kaka? Harusini?"

Alitoka. Jumapili ilipita, na nyingine ikapita, mchungaji yuko kimya. Lambrini anasema hasira aliyokuwa nayo kwa kijiji ilikuwa moto wa kuni, inawaka na kuzimika. Hii ya Zisis ilikuwa makaa. "Alikuwa akiniona kila asubuhi nikishuka kwenda kufagia. Ananisalimia. Anajua, na ananisalimia."

Aliyesema hatimaye hakuwa Zisis. Stergios, mwenye miaka thelathini na mbili, anasema hakuwa ameunganisha mambo mpaka kondoo wa baba yake walipokufa na mzee akaropoka kwa uchungu. Kampuni yenye mnara, iliyomwajiri, ilikuwa imemwambia dawa haina madhara, na kwamba vibao vya onyo vimewekwa. Alipanda kutafuta vibao hivyo. Havikuwepo.

Akaingia mkahawani watu wakicheza karata, akaomba redio izimwe.

"Nilisema, mimi ndiye niliyepuliza. Pai haikuwa na kosa," anakumbuka. "Hakuna aliyeinua uso. Mmoja akauliza kama zamu ya kugawa karata ni yake."

Wiki hiyo hiyo alipoteza kazi. Kampuni ya mnara, kwa mujibu wa Lambrini, ilimjibu kwamba ilifuata taratibu zote. Halmashauri ikasema muda umepita na hakuna mboga iliyohifadhiwa ya kupimwa. Yeye aliwakumbusha kwamba aliomba kipimo siku mboga zilipokuwa bado ardhini, wakamwambia aoshe.

Lakini kilichomuudhi kuliko hayo yote, anasema, ni jinsi majirani walivyorudi. Walirudi kama watu waliokuwa safarini. Mmoja alisimama mlangoni akauliza kama kuna pai ya liki kwa Jumamosi, akaongezea kwamba hali ya hewa imekuwa nzuri.

Lambrini alikuwa karibu kusema ndiyo. Agoritsa, aliyekuwa ameketi karibu na jiko, ndiye aliyejibu.

"Pai ipo. Kwanza omba radhi."

Yule mama alicheka akidhani ni utani wa kizee. Agoritsa alirudia, akamweleza kwamba asiombe kwa sauti ya chini kama anayeazima chumvi. Mama akaondoka amenuna. Siku ya tatu alirudi na kuyasema maneno, pale uani, huku amejishika viwiko. Akapewa sinia yake.

Tangu hapo ndiyo imekuwa sheria ya nyumba. Lambrini anakiri kwamba mwanzoni aliona haya kwa maneno ya mama mkwe wake, akamsihi aache. Sasa hamzuii. Wengi wameomba, baadhi wakilia, mmoja kwa kumtuma mumewe, ambaye alirudishwa. Padri aliomba radhi madhabahuni, na mkate wa ibada umerudi kwa Lambrini. Zisis hajaja. Fotini naye amegoma. Wageni wake sasa wanakula pai ya kiwandani iliyogandishwa.

"Na ile haina jani hata moja la mlima huu," anasema Agoritsa. "Wacha wale."

Pai imeiva. Lambrini anafagia makaa, anafunua chuma, na mvuke wa shamari unajaa uani. Stergios, ambaye siku hizi humpelekea oda zake bondeni kwa pikipiki, anangoja na kikapu.

Mwezi ujao wawili hao watashuka Ioannina kwa wakili aliyekubali kufungua kesi dhidi ya kampuni na halmashauri, Stergios akiwa shahidi. Wakili amewaonya kwamba itachukua miaka, na huenda wakaletewa pesa kimyakimya ili waiache. Lambrini amekwisha kumweleza sharti lake. Anataka upulizaji ukome, mteremko upimwe, na mwenyekiti asimame uwanjani baada ya ibada, watu wakiwa bado hawajatawanyika, aseme kilichotokea na nani alikuwa na kosa.

Wakili alimwambia sheria haina kifungu cha namna hiyo.

"Nikamwambia akitafute," anasema, akikata pai vipande. "Walinisema hadharani. Hawataniomba radhi ofisini, mlango umefungwa."